Mafuta Yasiyowahi Kuona Moto

Chongqing, 9 Februari 2023

Kaka Guangzhi,

Naomba barua hii ikukute baridi haijakufika mifupani. Huku mwaka mpya tumeuvuka salama. Mama anakusalimu. Magoti yake yanalalamika kila akipanda ngazi za mtaa wetu, na ngazi zenyewe unazijua, lakini mdomo wake mzima kabisa. Siku ya mkesha aliweka bakuli lako mezani kama kila mwaka. Mume wangu Daiquan alijisahau akataka kutupia mifupa humo, akachapwa mkononi kwa kijiti cha kulia chakula. Ana miaka hamsini na miwili, huyo shemeji yako. Soseji tumezifukiza wenyewe, zimetoka chungu kidogo. Nimekutumia soksi jozi nne kupitia ofisi ya gereza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Duka la tambi nimelifunga. Wateja walikuwa wamebaki wazee watatu na paka. Tumenunua lori kuukuu na tunakusanya mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye mikahawa ya chungu cha pilipili, mikahawa arobaini na mmoja kila asubuhi. Najua hapo umecheka. Lakini hayarudi jikoni, kaka. Tuna leseni, tuna lakiri ya kampuni, na kila pipa linaandikwa limetoka kwa nani. Likijaa tangi moja linapelekwa Zhoushan, pwani, kwenye kiwanda kinachoyapika upya mpaka yakawa mafuta ya ndege na ya meli. Ndege! Yale yale yanayoelea chunguni juu ya utumbo wa ng'ombe.

Shida ni hii baridi. Shahamu inaganda ndani ya mapipa kama sabuni, maji yanabaki chini yamefungiwa, na kiwanda hakitaki maji. Juzi Daiquan aliwasha moto chini ya pipa, sasa hana nyusi. Wewe ulikuwa ukifanyaje? Sina mwingine wa kumuuliza.

Mdogo wako,
Suqiong

&nbsp;

Gerezani, 2 Aprili 2023

Suqiong,

Barua yako imechukua wiki tano kunifikia kwa sababu ofisa anayezisoma alikuwa na mafua. (Afande, ukifika hapa, pole sana. Tangawizi inasaidia.) Mimi mzima. Bado nashona kola za mashati, mia mbili na sitini kwa siku, na shati lenyewe sijawahi kuliona. Mwambie Mama asipande ngazi na mizigo. Soksi zimefika jozi tatu. Niambie kwamba ulituma tatu, nisimdhanie mtu vibaya.

Shemeji aache kuchezea moto. Shahamu haitaki moto, inataka subira. Simamisha mapipa ndani ya maji ya moto, yafunike kwa magodoro ya zamani, kaa mbali nayo kwa muda wa saa kumi. Maji yatashuka, mashapo yatakaa katikati, mafuta yatapanda. Toboa koki mbili: ya kwanza kiganja kimoja kutoka chini, ya pili viganja vitatu. Fungua ya chini kwanza, na usiwe na haraka.

Jingine. Kabla hujapokea pipa lolote, chovya kidole, sugua, nusa. Mafuta yaliyotumika kweli yana mambo ya kukusimulia: pilipili, kitunguu saumu, moshi, hata hasira za mpishi. Na mtu asiyetaka uone chini ya pipa lake, mwachie pipa lake.

Ndiyo, nilicheka. Mimi nilikuwa nikiyachota mitaroni, nikiyasafisha, nikiyauza yarudi jikoni, nikaitwa muuaji. Wewe unayachota mlangoni kwa risiti na unaitwa mtunza mazingira. Nilicheka mpaka wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepata msamaha wa serikali.

Nikijaliwa natoka Machi mwakani. Nasikia Xia Changfu katoka tangu mwaka juzi. Usiniletee habari zake. Mtu mliyekula naye, mkaendesha karakana pamoja miaka sita, kisha akakuuza kwa polisi, huyo hana habari ninazozihitaji.

Kaka yako

&nbsp;

Chongqing, 20 Julai 2023

Kaka Guangzhi,

Huku joto limepanda mpaka mbwa wamehamia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na Mama naye kahamia huko na kiti chake na upepeo wa kujipepea. Anasema wazee wenzake wa kituoni wana umbea mzuri kuliko wa mtaani. Aliteleza mwezi wa tano, akaumia kiwiko, sasa amepona. Koki zako mbili zimetuokoa. Kiwanda hakijarudisha hata tangi moja.

Kwenye kazi nimepata rafiki, Bi Pu, mwenye mkahawa karibu na daraja. Kila asubuhi ananitania. Jana kanishika mkono: "We Suqiong, hebu niambie. Mafuta yangu yamekwisha panda ndege mara ngapi?"

"Mara nyingi, dada."

"Mimi na miaka yangu sitini sijapanda hata moja! Waambie hao wa kiwandani mafuta yakienda na mwenyewe aende. Nitakaa hata chooni."

Tulicheka mpaka mpishi akatoka kutazama.

Soksi zilikuwa jozi nne, kaka. Siwezi kukudanganya hata kwa soksi, na nimeandika sentensi hiyo nikaona aibu, kwa sababu nimekudanganya kwa kitu kikubwa miaka kumi na miwili.

Hakuwa Xia. Aliyepiga simu polisi mwaka ule ni mimi.

Unakumbuka Mama alipopasuliwa tumbo. Nilikuwa nikimnunulia supu kwenye kibanda cha ng'ambo ya hospitali, siku tisa mfululizo, kwa sababu yangu ilikuwa ikifika imepoa. Siku ya kumi nilichungulia jikoni kwao nikaona madumu yamezibwa kwa kitambaa chekundu kilichofungwa mafundo mawili. Hakuna mtu mwingine Chongqing nzima aliyekuwa akiziba madumu hivyo. Nilikuja kwako nikakuuliza yanakwenda wapi. Ulisema, "Mafuta ni mafuta, Suqiong." Sikukwambia kwamba Mama aliyala. Nilitembea mpaka kwenye simu ya kibandani, nikapiga, sikutaja jina.

Mama hajui. Daiquan hajui. Sasa unajua wewe, na afande.

Suqiong

&nbsp;

Chongqing, 11 Oktoba 2023

Kaka,

Sijapata jibu. Pengine barua imechelewa. Mama hajambo, kiwiko hakimsumbui. Machungwa ya mwaka huu ni matamu. Nimeomba nafasi ya kukutembelea, ofisi ikaniambia umekataa mgeni. Nimeelewa.

Nimetuma shati la ndani la pamba. Ni moja.

Suqiong

&nbsp;

Gerezani, 28 Desemba 2023

Suqiong,

Mpe Mama salamu zangu. Shati limefika na linanitosha. Theluji imeanguka mara mbili. Nimehamishwa kutoka kola kwenda vifungo.

Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu papo hapo, nikashukuru kwamba hapa karatasi hutolewa Jumamosi tu. Jumamosi ikifika naichukua karatasi, naikunja, naitia chini ya godoro. Zimefika kumi na tisa.

Sikasiriki kwamba ulipiga. Ningesema ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, ingekuwa uongo. Mimi nisingepiga. Hiyo ndiyo tofauti yetu na siwezi kuibadilisha. Siku tisa za supu, hizo ninazibeba mwenyewe, usinisaidie.

Ninachokasirikia ni hiki. Mahakamani, kwa kuamini kwamba Xia ameniuza, nilisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafuta wateja, kwamba yeye ndiye aliyejua mafuta yanakwenda kwenye vibanda vya hospitali. Uongo mtupu. Xia alikuwa akichota na kuchuja, basi. Wanunuzi nilikuwa nao mimi. Alikuwa apate miaka sita, akapata kumi. Mkewe hakumngoja. Nilimlipizia kisasi kwa simu ambayo hakuipiga, na kila barua niliyokuandikia nilimlaani humo, na wewe ukasoma, ukanijibu habari za machungwa.

Natoka tarehe 8 Machi. Usije getini. Nasema kwa utulivu, na naomba unisikie kwa utulivu.

Guangzhi

&nbsp;

Zhoushan, 6 Mei 2024

Suqiong,

Natumai mko salama. Mama nilimwona, kama utakavyokuwa umeambiwa. Amepungua kimo. Supu yake haijapungua.

Nilikwenda Banan kwa dada yake Xia. Alinipa anwani ya kaka yake kupitia dirishani, kisha akafunga dirisha. Ndivyo nilivyofika huku. Xia anaosha matangi ya malori kwenye kiwanda kile kile unachopelekea mafuta. Nilimkuta kajiingiza kwenye mdomo wa tangi, miguu tu ndiyo iko nje.

Nikaita, "Changfu."

Miguu ikatulia. Akatoka kinyumenyume, akajifuta uso, akanitazama sana.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nimezeeka kwa ajili yako. Wewe umezeeka kwa ajili ya nani?"

Nilimweleza yote, pamoja na simu yako. Sikuona njia ya kueleza langu nikaficha lako. Nilipotaka kupiga magoti akanishika bega. "Usipige magoti hapo. Hiyo sabuni itakula suruali." Akanirushia brashi ya pili. Tuliosha tangi lile mpaka saa ya chakula. Hajasema kwamba amenisamehe. Alisema tu kwamba kitengo cha kupokea mizigo kinatafuta mtu mwenye pua.

Basi kazi yangu sasa ni hiyo. Tangi likifika nafungua mfuniko, nachota sampuli juu, katikati na chini, nanusa, natia saini, sampuli inakwenda maabara. Msimamizi wetu, Bi Yin, alinijaribu kwa chupa sita nimefumba macho. Nilimwambia ipi imetoka kwa mkaanga samaki, ipi kwa mkaanga maandazi, na ipi mwenyewe ameiba jikoni kwake asubuhi hiyo. Akasema, "Wewe umejifunzia wapi?" Nikamwambia wapi. Akasema, "Saa mbili kesho, usichelewe."

Mafuta yanatoka upande wa pili wa kiwanda meupe kama maji, ndugu wa mafuta ya taa. Miaka yote ile nilijisifu kwamba hakuna anayejua kusafisha kama mimi.

Guangzhi

&nbsp;

Chongqing, 1 Juni 2024

Kaka,

Mvua zimeanza, mto umepanda mpaka ngazi ya tatu. Mama mzima.

Alinieleza kwamba ulikuja, ukala mabakuli matatu, ukamrekebishia mlango wa kabati, ukalala siku mbili. Mama aliniambia kwa furaha, mimi nikaenda kuosha lori lililokuwa safi. Ulikuja Jumanne na Jumatano, siku ambazo nilikwisha kukuandikia kwamba nalala Fuling kwa kazi. Sikulaumu. Nataka tu ujue nimehesabu.

Kwa Xia sina la kusema linalotosha. Nimeandika barua kwake, iko ndani ya hii. Mpe, au usimpe.

Kazi imekua. Tuna malori matatu na Daiquan ndiye anayesimamia safari za Zhoushan, mimi nimebaki na mikahawa. Wakusanyaji wamekuwa wengi mno. Kuna mmoja kajitokeza na pikipiki ya magurudumu matatu anawapa wenye mikahawa sigara. Lakini Daiquan ananiambia tani hazijapungua, zinazidi. Ana kipaji ambacho sikukijua.

Kwa hiyo yale unayoyanusa mengine ni yangu. Sijui kwa nini hilo linanifariji.

Suqiong

&nbsp;

Zhoushan, 19 Agosti 2024
(kwa mtoa barua wa haraka)

Suqiong,

Salamu kwa Mama. Xia alisoma barua yako, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Bado imo, imefuliwa nalo mara mbili.

Nakuomba ukae kabla hujaendelea.

Jana limeingia tangi lenye lakiri ya kampuni yenu. Nilifurahi, nikamwambia Xia, "Njoo unuse Chongqing." Nikafungua mfuniko. Hakuna pilipili. Hakuna kitunguu saumu, hakuna moshi. Nikachota chini: tope kidogo la mikahawa, limemwagwa ili rangi iwe nyeusi, na chumvi. Nikaosha tone kwa maji ya moto. Ni mawese, Suqiong. Mafuta mapya, hayajawahi kuona moto.

Dunia imepinduka. Mimi nilifungwa kwa kuyaosha machafu yaonekane mapya. Sasa mtu anayapaka mapya uchafu, kwa sababu wenye ndege na meli wanalipia zaidi kilichokwisha kutumika, na wanalipia hivyo ili pasifyekwe msitu mwingine kwa ajili ya mafuta yao. Tangi hilo ni msitu uliofyekwa, umevalishwa matambara.

Maabara wamepima maji na asidi, limepita. Kipimo cha asili, cha kujua mafuta yametokana na nini, huchukua muda na hakifanywi kwa kila tangi. Kilichobaki ni saini yangu. Nimemwambia Bi Yin kwamba koki inavuja, nikalisogeza pembeni. Amenipa mpaka Jumatatu ijayo.

Sijui kama unajua. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu inataka jibu mtu akiwa bado hajajijibu mwenyewe. Nikitia saini, ni uongo wangu wa pili chini ya jina langu. Nikisema, leseni yenu inakwenda, na pengine anakwenda mtu.

Niandikie.

Kaka yako

&nbsp;

Chongqing, 24 Agosti 2024
(kwa mtoa barua wa haraka)

Kaka,

Mama mzima. Wote wazima. Barua yako imefika jana.

Nilingoja Daiquan amalize kula. Nikamuuliza, "Tangi la wiki hii umelijazia wapi?"

"Kwa kawaida."

"Kaka amelinusa." Nikamwekea barua yako mezani, akaisoma.

Aliweka bakuli chini polepole. Kisha akasema, "Kila mtu anachanganya, Suqiong. Mkusanyaji wa Yubei anachanganya nusu kwa nusu."

"Sikuuliza ya Yubei. Mangapi?"

"Matatu, na hili." Akasema mkataba unataka tani, na mikahawa yetu kumi na mitano imekwisha chukuliwa. Akasema aliogopa kuniambia. "Nilifanya kwa ajili yetu."

"Na kaka yangu alisema hivyo hivyo mwaka ule."

"Basi mwambie huyo kaka yako hiyo koki ivuje mpaka Jumatatu, tukalichukue lori letu! Si damu yako? Au kazi yenu nyinyi wa ukoo wa Ran ni kupelekana polisi?"

Amejua, kaka. Sijui amejua lini. Pengine alilisema kwa hasira tu likaangukia penye kweli.

Nataka kukwambia kila kitu. Kwanza nilikuandikia barua nyingine. Nilikuomba humo ulitilie saini hilo tangi, utufiche mara moja tu, nikakukumbusha wewe ni mkubwa wangu. Karatasi mbili. Niliisoma asubuhi nikasikia sauti ya mtu nisiyempenda, nikaichana.

Mwaka ule nilipiga bila kutaja jina, na Xia akalipa kwa jina ambalo sikulitaja. Leo ni Jumamosi. Jumatatu saa mbili, ofisi ya kiwanda ikifunguliwa, nitapiga na nitasema mimi ni nani, matangi ni manne, na yametoka wapi. Nimemwambia Daiquan uso kwa uso. Amechukua nguo zake amekwenda kwa ndugu yake Fuling.

Sikupigii wewe kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, nikilia utanihurumia, na ukinihurumia tutanyamaza wote wawili.

Suqiong

&nbsp;

Zhoushan, 27 Agosti 2024

Suqiong,

Salamu kwa Mama, na kwako.

Barua yako ilinifikia jana, Jumatatu, saa nane mchana. Kwa hiyo sikia asubuhi ilikuwaje.

Jumapili nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Nikamwambia Xia. Alikuwa akikata kucha za miguu, hakuinua kichwa. "Mara ya kwanza ulisema uongo juu ya mtu asiyehusika, ukausema kwa sauti kubwa mpaka jaji akakusifu. Sasa una kweli mkononi, ndiyo unaona haya?"

"Ni mdogo wangu, Changfu."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Nikakaa nikaandika ripoti. Namba ya tangi, saa, nilichonusa, nilichokiona, na kwamba koki haikuwa ikivuja bali nilidanganya. Nikatia jina. Jumatatu nikachelewa kidogo, kwa sababu nilisimama nje ya mlango. Nilipoingia Bi Yin alikuwa ndiyo kwanza anaweka simu.

"Umekuja kwa habari ya lile tangi," akasema.

"Ndiyo."

"Mwenyewe amekwisha piga. Mwanamke. Nilimuuliza jina akalitaja mara mbili, akanitajia na namna linavyoandikwa. Ran, kama wewe."

"Ni mdogo wangu."

Bi Yin akanyoosha mkono akapokea karatasi yangu, akaisoma yote. Akachukua aliyoandika ya simu yako, akaziweka pamoja, akazibana kwa pini moja.

"Mlipanga?"

"Hatujaongea kwa sauti tangu mwaka elfu mbili na kumi na moja."

Akaniambia nitakatwa mshahara wa siku kumi kwa ile koki, nirudi kazini. Nilirudi. Nilipofungua tangi lililofuata nilishika mfuniko kwa mikono miwili.

Kaka yako

&nbsp;

Chongqing, 8 Desemba 2024

Kaka Guangzhi,

Ukungu umekaa wiki mbili, nguo hazikauki. Tumeanza soseji.

Ulikuwa hujui mambo yamekwishaje, na mimi nilikuwa sijui kama yamekwisha. Walikuja wakaguzi mara tatu. Tangi lilirudishwa, na yale matatu ya awali yamefuatiliwa mpaka kwa muuzaji wa mawese. Kwa kuwa tulijitaja wenyewe, Daiquan hakupelekwa ndani, ametozwa faini na amefungiwa biashara hii maisha. Malori mawili yameuzwa. Leseni ilisimamishwa miezi mitatu, imerudishwa kwa jina langu peke yangu, na kila tangi langu sasa linapimwa asili. Naendesha lori mwenyewe. Nimekwisha gonga nguzo mbili.

Nilidhani mikahawa itanikimbia. Kumi imenikimbia. Bi Pu alinisubiri mlangoni mikono kiunoni. "Nimesikia. Kwa hiyo yangu ndiyo yalikuwa ya kweli?"

"Yako yalikuwa ya kweli, dada."

"Basi chukua na ya jirani, nimemwambia akupe. Na upunguze kugonga nguzo."

Daiquan alikaa Fuling siku arobaini. Akarudi na mfuko wa achari, akauweka mezani, akaosha vyombo vyote, hata visafi. Analala sebuleni. Tunaongea habari za mvua. Kwa sasa inatosha.

Mama nilimweleza yote, na ya mwaka ule pia. Alikuwa akimenya vitunguu saumu, hakuacha. Alimenya kichwa kizima. Kisha akasema, "Supu ile ilikuwa na chumvi nyingi. Nilijua siyo ya jikoni kwako, nikanyamaza nisikuvunje moyo." Akaendelea kumenya. Nilidhani amemaliza. "Ungeniambia. Ningekwenda mwenyewe nikamtwanga fimbo, pengine ingetosha." Na baada ya muda, "Anakuja lini?"

Namwambia lini?

Suqiong

&nbsp;

Zhoushan, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Suqiong,

Mwambie Mama nimepata barua na nimecheka peke yangu. Ile fimbo isingetosha, lakini mpe shukrani. Mimi na Xia tuna afya. Tumehamia chumba chenye dirisha.

Wiki iliyopita Bi Yin alituchukua bandarini watu wanne wa mapokezi, tukaone meli ikijazwa. Wengi wetu tunafungua mifuniko tu, hatujui mwisho wake. Ilikuwa meli ya makontena, ndefu kama mtaa. Bomba likaunganishwa, mashine zikaanza, mainjinia wakasimama wanatazama saa zao. Nilisogea mpaka karibu na bomba nikavuta pumzi, nikitegemea angalau kidogo tu pilipili. Haikunuka kitu. Xia akaniuliza, "Vipi, pua imekufa?" Nikamwambia haijafa. Meli iliondoka saa tisa na robo, tukatazama mpaka ikawa ndogo, halafu tukala tambi.

Xia anataka kwenda Banan kwa dada yake. Ana zawadi ya samaki wakavu yenye uzito wa kuua mtu. Ameniomba nimsindikize mpaka mlangoni, kwa sababu anasema dirisha lile lilifungwa kwa ajili yangu na mimi ndiye nitakayelifungua. Hajasema neno jingine juu ya mambo ya zamani, nami nimeacha kulingoja. Tunaosha mabakuli yetu kwa zamu.

Hujaniuliza kama nimekusamehe. Mimi nimejiuliza, tena mara nyingi, kazini na njiani. Jibu sina bado, na sitaki kukuandikia jibu zuri ambalo sijalifikia.

Tiketi ya treni ya kuja Chongqing nimekata. Behewa la saba, nafika tarehe 27, saa tisa alasiri. Nitakuwa na njaa.

Kaka yako,
Guangzhi